Waya Wenye Mishale

Jumamosi, tarehe 6 Juni

Umefika! Nimeupokea mwenyewe mlangoni, nikamwondoa mleta mizigo kabla hajapiga hodi ya pili. Mke wangu alikuwa anaoga. Mama mkwe, ambaye alikuja kwetu kupumzisha miguu na hajakaa chini tangu afike, alikuwa uani akilipiga godoro. Njia nyeupe! Nimelipitisha boksi chini ya shati hadi sebuleni.

Ni waya wa mtandao, lakini usiuite hivyo, utauvunjia heshima. Ule wa zamani, unaotoka kwenye kisanduku cha intaneti kwenda kwenye mashine yangu ya muziki, ni mwembamba kama utambi na ulikuja bure. Huu ni mnene kama kidole, mweusi, umevikwa nyuzi za kusukwa, ncha zake dhahabu. (Rangi ya dhahabu. Sikuuliza sana.) Urefu wake unatosha kuzunguka chumba, ingawa kisanduku na mashine vimekaa karibu kiasi cha kushikana mikono. Muuzaji, anayejiita Daktari wa Sauti, alinieleza kwa simu kwamba muziki ukipita njia fupi unafika ukihema. Ukipita njia ndefu unafika umetulia. Jambo la wazi kabisa ukilifikiria.

Waya una mishale midogo iliyochapwa. Lazima ielekee kwenye spika. Nimeuchomeka, nikakaa, nikafumba macho. Wapi! Nikaenda kuangalia, kumbe mishale inaelekea kwenye intaneti. Muda wote huo nilikuwa naurudisha muziki ulikotoka. Nimegeuza. Bado hakuna kitu, ila hilo nilionywa: waya huu ni mgeni, lazima uachwe wiki nzima uzoee nyumba.

Shemeji anakuja Jumamosi ijayo. Huyu ni kaka wa mke wangu, mtaani wanamwita Bwana Besi, kwa ajili ya spika zake na kwa ajili ya tumbo lake. Mara ya mwisho alikaa kwenye kochi langu, akasikiliza spika zangu, kisha akaniuliza kwa huruma kama zina mafua. Mbele ya watu! Safari hii atasikiliza, atafunga mdomo, ataondoka akiwa mdogo kama punje.

Mke wangu ameuliza ni nini kile kinachong'aa nyuma ya kabati. Nimemwambia ni kifaa cha kuzuia radi. Amesema vizuri. Nimepumua.

Jumatatu, tarehe 8

Mama mkwe amefanya usafi sebuleni nikiwa kazini. Niliposikia, roho iliniruka. Nilikimbia moja kwa moja hadi kwenye kabati, na viatu vyangu juu ya sakafu yake iliyolowa. Taa za kisanduku zinawaka. Mashine inaimba. Vumbi hakuna. Hata yale mazongezonge ya nyuma ya kabati yamepangwa yakapotea machoni. Nilimshukuru kwa moyo wote. Akasema si neno, ametoa tu matakataka yaliyokuwa yamejazana huko.

Ametundika pia kamba mpya ya nguo uani. Ameitundika kwa kimo chake, na mama mkwe ni mfupi. Nilitoka kumwaga maji ya kupigia deki, kamba ikanikaba koo, nikabaki kati ya shuka mbili natapatapa. Alisema ningetembea nikiangalia mbele nisingeumia.

Si kitu. Waya uko salama, na hilo ndilo la maana.

Alhamisi, tarehe 11

Waya unaendelea kuzoea. Nikipita karibu na kabati nanyata. Nimewakataza watu wote nyumbani wasilisogeze. Mama mkwe ameniangalia kwa namna ambayo mtu humwangalia mtoto wa mwenzake.

Jambo dogo limenitokea jikoni. Mke wangu aliniuliza kitu, sauti ikafika nusunusu. Nikajibu ndiyo, kwa usalama. Kumbe ndiyo ile ilikuwa ya kupaka rangi dari la sebule. Wiki hii ni mara ya tatu au ya nne namwona mdomo unacheza na maneno hayafiki. Uchovu tu. Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mikutano siku nzima na kuzichapa neno kwa neno, na mikutano ya wiki hii imejaa watu wanaokohoa.

Jumamosi, tarehe 13

Loh! Sijui nianzie wapi.

Shemeji amekuja mchana, tumbo mbele, miwani kichwani. Nilikuwa nimeshajipanga. Kochi katikati ya chumba. Pazia limevutwa. Mama mkwe amesindikizwa uani kwa heshima zote. Nikaweka wimbo wa polepole, gitaa moja na mwanamke mmoja, nikaketi kusubiri. Daktari wa Sauti aliahidi kwamba baada ya wiki ni kama mtu amekuondolea blanketi usoni.

Hakuna aliyeniondolea blanketi. Gitaa ni lilelile. Mwanamke ni yuleyule. Nilikaza masikio mpaka shingo ikaniuma. Patupu!

Mtu mzima nifanye nini? Nilitabasamu, nikatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeguswa, nikamuuliza shemeji kama amesikia. Nilijua atanicheka. Lakini wapi, alifumba macho. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeko msibani, kwamba mpiga gitaa amesogeza kiti mbele.

Nikasema naam, hata mimi nimemwona. Akasema kuna mtu anavuta pumzi upande wa kushoto, mtu mnene. Nikasema mnene sana. Akasema, shemeji, nasikia hadi mbao za sakafu ya studio. Nikasema mkangazi. Akafumbua macho, akanitazama, akameza mate, akakubali kwamba ni mkangazi.

Aliondoka mapema. Hakumaliza hata soda yake. Alinishika mkono, amenywea kweli kweli, yaani ushindi wenyewe niliouota wiki nzima. Na sikuuonja hata kidogo! Kwa sababu maelezo ni mamoja tu. Waya unafanya kazi. Bwana Besi, ambaye hanipendelei, amesikia hadi kiti. Mimi mwenye waya sikusikia hata msumari.

Masikio yangu yamekufa.

Jumapili, tarehe 14

Nimejipima mwenyewe. Nilisimama mbali na saa ya ukutani, nione nitaisikia nikiwa wapi. Sikuisikia. Nikasogea. Sikuisikia. Nikapanda kiti, nikabandika sikio kwenye kioo. Kimya! Nikakaa palepale juu ya kiti. Mke wangu akapita, akauliza kama naleta betri, maana saa ile imesimama tangu zamani na ameniambia mara nyingi. Afueni ilikuwa kubwa mno. Kisha nikakumbuka kwamba hata hayo ya betri sikuwahi kuyasikia.

Nimetia mafuta ya uvuguvugu sikioni. Yalikuwa yamekaangiwa vitunguu. Sasa sisikii vizuri na nanukia vizuri.

Baadaye mke wangu alikuwa anaosha vyombo akiimba. Huwa anaimba kombo, ameimba kombo tangu siku nilipomjua, na wimbo wenyewe ni uleule mmoja. Kwa miaka yote nimekuwa nikiongeza sauti ya spika ili nimfunike. Leo nilizima mashine nikasimama mlangoni. Nikajaribu kufikiria jikoni humohumo, maji yanatiririka, mdomo wake unacheza, na mimi sipati kitu. Niliogopa. Nimeogopa kweli. Naandika hapa kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Akageuka akaniuliza kama nimesimama pale kwa ajili ya kufuta vyombo. Hilo nililisikia. Nikafuta vyombo.

Jumatatu, tarehe 15

Mambo yamezidi! Msimamizi ametukusanya na kutangaza kwamba Alhamisi wote wa chumba cha rekodi tutapimwa masikio. Kuna muuguzi anakuja na kibanda na vyombo vyake. Atakayeonekana masikio yake yamechoka hataachishwa kazi, alisema, akatabasamu ili tuone wema wake. Atahamishiwa stoo.

Stoo! Stoo iko chini ya ngazi. Haina dirisha. Ina maboksi na ina Mzee wa Stoo, ambaye huzungumzia magoti yake kuanzia asubuhi hadi kufunga kazi. Goti la kulia lina tabia hizi, goti la kushoto lina tabia zile. Nimekaa naye mara moja tu, umeme ulipokatika, nikatoka na mimi nachechemea.

Nimekuwa kwenye chumba cha rekodi tangu nilipokuwa na nywele. Ndicho kitu pekee ninachokiweza. Watu wengine wana mikono, wengine wana akili, mimi nilikuwa na masikio.

Nimerudi nyumbani nimejiinamia, kamba ya mama mkwe ikanikaba tena. Nimemwomba aipandishe. Amesema ikipanda yeye haifikii, na mimi nikiinama nitafika.

Jumanne, tarehe 16

Nimepata njia! Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Koti kwa sababu halivui hata jua likiwaka, alipimwa na muuguzi huyohuyo kwenye ofisi yake ya zamani. Alitaka kwanza kiti changu, kile chenye mto. Nilikitoa. Akamwaga mtama wote.

Unakaa ndani ya kibanda, umevaa visikilizio, mkononi una kitufe. Mbele yako kuna kioo, na nyuma ya kioo yuko muuguzi na mashine yake. Anabonyeza, unasikia mlio, nawe unabonyeza. Sasa siri ni hii: kila anapobonyeza, muuguzi huinamisha kichwa. Hawezi kujizuia. Yaani mtu mwenye macho hahitaji masikio!

Nimekaa kwenye kigoda siku nzima, mgongo unaniuma, lakini moyo mweupe. Stoo watanisikia kwa jina tu.

Jumatano, tarehe 17

Mazoezi. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele mezani, ungo mbele yake. Nikaketi upande wa pili na kijiko. Kila alipoinama kuchungulia chuya, nikagonga meza, tik. Akiinuka, nikangoja. Akiinama, tik. Nilikuwa sikosei! Nikawa nampata hata akiinama nusu.

Baadaye nilimsikia akimwambia mke wangu pembeni kwamba mumeo kuna kitu kinamsumbua, na kwamba wanaume wa umri huu wanahitaji kulazwa mchana. Ajabu ni kwamba maneno hayo yote yalinifika vizuri. Sikupata nafasi ya kulitafakari, nilikuwa naogopa kesho.

Alhamisi, tarehe 18

Acha nivute pumzi kwanza.

Nilikuwa wa tatu. Kibanda ni kidogo kama kabati la nguo. Muuguzi ni mama mpole, miwani yake ina kamba shingoni. Akanivisha visikilizio, akanipa kitufe, akafunga mlango, akaenda kukaa nyuma ya kioo. Kimya kikatanda. Kimya kama pamba.

Akainama. Nikabonyeza. Akainuka, akainama tena. Nikabonyeza. Kijasho chembamba kilinitoka, lakini kidole kilikuwa imara. Kuna mara aliinama muda mrefu, nami nikabonyeza kwa muda mrefu. Akainua kichwa akaniangalia. Nikampa tabasamu la mtu mwenye masikio. Akainama haraka haraka mara mbili, nikabonyeza haraka haraka mara mbili. Nikajiambia, bwana wewe, hakuna wa kukuweza.

Akafungua mlango. Akaniuliza kama najisikia vizuri. Nikamwambia safi kabisa, nasikia yote, hata ile milio myembamba ya mwisho. Akasema mashine bado hajaiwasha. Alikuwa anamalizia karanga zake kwenye droo.

Ningeomba ardhi ipasuke, ila chini yake kuna stoo.

Muuguzi alisema amekutana na wengi wasiosikia kilichowashwa, lakini anayesikia kilichozimwa ndiye mimi wa kwanza. Hakusema kwa ubaya. Akakizungusha kiti chake, akanipa mgongo, na hapo njama yangu yote ikaenda na maji. Sikuwa na kichwa cha kuangalia. Nilibaki na masikio yangu maiti peke yangu.

Nikafumba macho. Muda ukapita. Nikasikia kitu, kidogo sana, kama mbu aliye chumba cha pili. Nikabonyeza, nikiogopa ni uzushi. Kisha mlio mwingine, mnene. Kisha mwingine, mwembamba zaidi, karibu haupo. Nikabonyeza yote.

Mlango ukafunguka, muuguzi akasema jambo. Nilimwomba arudie, maana nilidhani sikumsikia sawasawa. Akarudia: masikio yangu ni mazuri mno, tangu aanze kazi hii hajapata mazuri kama haya. Akanipa cheti chenye mhuri. Nilimkumbatia. Nilimkumbatia hata Koti, ambaye alikuwa anangoja zamu yake, nikamwambia kiti abaki nacho hadi kesho asubuhi.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote, isipokuwa habari za waya. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba naogopa. Akasema kama maneno yake yalikuwa hayanifiki ni kwa sababu anaongea kwa sauti ya chini makusudi tangu mama yake aje, maana mama akifanikiwa kusinzia mchana ni bahati. Basi! Ndiyo hivyo tu! Akaingia jikoni akaanza wimbo wake, kombo kama siku zote. Sikuwasha mashine.

Ijumaa, tarehe 19

Nimeamka na swali. Kama masikio yangu ni haya yenye mhuri, kile kiti cha mpiga gitaa kilisogea wapi?

Jioni nilikwenda kwa shemeji, cheti mfukoni. Nilimkuta sebuleni amekaa anautazama ukuta. Ukutani palikuwa na alama mbili za mraba zilizo safi kuliko kwingine. Spika hazipo! Nikamuuliza amefiwa au ameibiwa. Nikaweka cheti mezani, nikamwambia mimi nimepimwa, nasikia kila kitu kilichopo, na Jumamosi ile sikusikia kiti wala mnene wala mkangazi.

Lahaula! Bwana Besi aliangua kilio. Mtu na tumbo lake. Naye hakusikia kitu! Aliponiona natikisa kichwa kama niliyeguswa alidhani nimesikia mambo makubwa, akaona aibu, akabuni la kiti. Nilipolikubali la kiti akachanganyikiwa, akabuni la mnene. Na nilipotaja mkangazi, aina ya mti kabisa, bila kusita, alijua kwamba masikio yake yamekwisha. Alirudi nyumbani, siku ya pili akazitoa spika zake kwa kinyozi wa kona, kwani kiziwi atazifanyia nini.

Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Tulishikana mabega. Nimemjua mtu huyu miaka mingi na hii ndiyo mara ya kwanza nimempenda. Tukaapa kwamba kesho nitauchomoa waya ule na tutaupeleka pamoja kwa Daktari wa Sauti, tumwambie yeye ni tapeli, yeye na mishale yake.

Nilipita kwa kinyozi wakati wa kurudi. Spika zinavuma vizuri kweli. Sasa sebule yenye sauti nzuri kuliko zote katika familia ni yangu. Nimelisema hili hapa tu.

Jumamosi, tarehe 20

Asubuhi nilipiga magoti nyuma ya kabati kuuchomoa waya. Haupo!

Haupo kabisa! Pale ulipokuwa pana ule wa zamani, wa utambi, umechomekwa vizuri, ka, ka, ncha zote mbili. Nilipindua sebule. Nilitoa droo. Niliinua kochi peke yangu. Tumeibiwa, nikapiga kelele, tumeibiwa! Mama mkwe akauliza kutoka uani kulikoni. Nikatoka mbio kumweleza, kamba ikanikaba koo, nikaanguka chali.

Nililala pale chini nikiangalia juu. Juu yangu kulikuwa na gauni, foronya mbili, na soksi zangu. Katikati ya soksi, kamba. Nyeusi. Nene kama kidole. Yenye mishale midogo, yote inaelekea kwenye tangi la maji. Kwenye nguzo ya mwisho, ncha ya dhahabu imepigwa fundo.

Mama mkwe hakuona tatizo. Siku ile ya usafi alikuta kamba ndefu imejikunja nyuma ya kabati inakusanya vumbi, na droo ya chini ina nyingine fupi yenye vichwa vilevile. Akaweka ile fupi inayotosha, ile nzuri akaipeleka kwenye kazi yake. Tangu Jumatatu ya kwanza! Shemeji alisikiliza utambi. Mimi nilijitia mafuta ya vitunguu kwa ajili ya utambi!

Mke wangu akatokea mlangoni, akaiangalia kamba, akaniangalia mimi, akauliza kama kile kifaa cha kuzuia radi kinafanya kazi vizuri zaidi kikiwa na soksi. Nilidhani hapo ndipo nyumba itawaka. Hakuwaka. Alisema dari linaningoja.

Na bado nikiwa chali palepale, jambo likanijia, nikaanza kucheka. Masikio yangu yalikuwa sawa toka mwanzo! Yalisema hakuna tofauti, na tofauti haikuwepo, kwa sababu waya haukuwepo! Nimemkosea Daktari wa Sauti. Nimemwita tapeli mtu ambaye bidhaa yake haijapata hata kusikilizwa, maana wiki ya kuzoea ilikatishwa siku ya tatu. Nilimpigia shemeji simu hapohapo. Kisha akaomba namba ya Daktari wa Sauti, na akauliza kinyozi hufunga saa ngapi.

Jumapili, tarehe 21

Nimepaka dari tangu asubuhi, mashine ikiimba. Ikiimba! Kama hiyo ni kuimba. Tangu nijue kwamba ni waya wa utambi, sauti haivumiliki. Gitaa limekonda. Mwanamke anaimba kama amefunikwa ndoo. Sijui niliishije na hali hii wiki mbili. Hapa ndipo unapoona faida ya masikio yenye cheti: mtu mwingine asingelitambua hili.

Nilishuka ngazi, nikaenda kwa mama mkwe kwa adabu, nikamwomba anirudishie waya wangu. Akakataa katakata. Nikamwambia nitamletea kamba nyingine, mpya, ya rangi anayotaka. Akasema kamba nyingine hazifanani na hii. Akaniambia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba nguo zikianikwa kwenye hii zinakauka haraka, na zikikauka zinakuwa laini, na hata mashuka yanatoka meupe zaidi.

Nilicheka mpaka brashi ikanidondoka. Nilimwambia, mama, nguo hukaushwa na jua na upepo. Kamba ni kamba! Iwe ya bei mbaya, iwe ya bure, nguo haijui imening'inia kwenye nini. Hayo mengine ni mawazo tu ya kichwani.

Aliniangalia muda mrefu, kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa, akaniomba nirudie. Nikarudia, kwa sauti ya juu zaidi na polepole. Akaniomba nirudie tena. Maskini, umri. Nimeshamwambia mke wangu ampeleke kwa yule muuguzi.

Basi namwachia kamba yake, afurahi. Roho yangu imetulia kabisa, sijawahi kulala na moyo mwepesi hivi. Jioni nimeongea na Daktari wa Sauti. Ana mpya, mrefu kuliko ule, na umetulizwa wiki nzima kiwandani, kwa hiyo hauhitaji hata kuzoea nyumba. Nimeagiza. Shemeji ameagiza wenye mishale pande zote mbili, mjinga yule.